Jumamosi Haina Daftari

Watu hudhani mwalimu hufukuzwa kwa kishindo,
kwamba mlango hubamizwa, kwamba kuna mtu anapaza sauti.
Mimi ni karani. Nimekalia kiti hiki miaka kumi na saba,
hapa juu Chavakali, na nakwambia:
huanza na rula.

Saa moja na robo Bwana Adolwa hulaza rula
chini ya jina la mwisho, kalamu nyekundu, mstari,
na atakayefika baada ya hapo hutia sahihi chini yake
kama mtu aliyezikwa nje ya boma.

Mwalimu Kageha hakuwa mchelewaji.
Hakuwapo. Kila Jumanne, kila Ijumaa,
mapengo mawili kwa juma, kama meno yaliyong'olewa,
kwa kuwa siku hizo mamake husafishwa damu kwa mashine Kisumu,
na mama asiyejua kusoma hapelekwi peke yake
mahali ambapo kila mlango una maandishi.

Jumamosi alikuja. Darasa la sita, sehemu na desimali,
watoto arobaini na mmoja, kiporo cha viazi vitamu mikebeni.
Niliwasikia nikipita kwenda kisimani:
robo tatu, ondoa thuluthi moja.
Lakini Jumamosi haina daftari.

Februari, barua ya kwanza: Jieleze.
Machi, ya pili: Jieleze tena.
Mei halmashauri ya shule ikakaa, ikanywa chai,
ikala mandazi ishirini na manne
(niliyahesabu, ndimi niliyeyanunua),
na barua ya tatu ikampa nusu mshahara
na likizo ambayo hakuiomba.
Zote nilizipiga chapa mimi.
Katika ya tatu, badala ya *mtoro*
vidole vyangu viliandika *mtoto*.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona haya, nikarudia.

Yule aliyekula pesa za mtihani mwaka juzi
alihamishwa tu, huko Sabatia, na tukamwandalia karamu.
Kuku wawili. Sijui niseme nini hapa. Naendelea.

Kesi ilisikilizwa Kakamega, chumba chenye feni isiyozunguka.
Alikuja na faili ya stakabadhi za hospitali,
zimepangwa kwa tarehe,
na pembeni, kwa penseli, jumla.
Wakamuuliza: ruhusa iko wapi?
Akajibu: mwalimu mkuu aliniruhusu kwa mdomo.
Mdomo hauna muhuri.
Wakauliza: kuna aliyesikia?

Mimi nilisikia.
Tarehe tisa Januari nilikuwa mlangoni na chupa ya chai,
Bwana Adolwa akasema, "Nenda tu, mwalimu, mama ni mama."
Alisema hivyo. Hata kalamu alikuwa ameiweka chini.
Na mle chumbani nilikuwa benchi la nyuma,
nimepakata daftari la mahudhurio kama mtoto wa watu,
na Kageha hakugeuka kunitazama.
Angegeuka, labda ningesimama. Labda.
Nina binti Kaimosi, karo ya muhula wa pili.
Nilitazama feni.

Dakika kumi na nne. Hizo pia nilizihesabu.

Barua ya nne haikupitia kwangu. Ilikuja imefungwa.

Sasa kuna kijana mpya, ana sauti nzuri,
hufika saa moja kasorobo, jina lake li juu kabisa.
Mamake Kageha yu hai bado;
hilo watu husahau kuuliza.

Jana nililitoa kabatini daftari la mwaka ule,
jalada la kijani, panya wameguguna pembe zake.
Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikachora safu,
nikaandika juu: *Jumamosi*.
Nikaanza kulijaza jina lake, tarehe baada ya tarehe,
kwa mwandiko wangu, wino wa buluu.
Nimefika ishirini na mbili
na sikumbuki kama zilikuwa hizo au zaidi.
Watoto wangejua. Yeye angejua bila kufikiri.
Sijamuuliza.