Bakuli la Uji

Kazi yangu ni kupima kilichobaki.
Madaktari hupima ngozi, mimi napima tyubu.
Zinarudi kila mwezi kwenye mifuko,
zimebinywa, zimekunjwa mkia,
naziweka kwenye mizani moja moja,
naandika: gramu kumi na saba nukta mbili.
Hakuna ajuaye, mimi nikiwemo,
ipi ina dawa, ipi ni mafuta matupu.
Kompyuta ya mji mwingine ilipiga kura
ikafunga mdomo.

Hapa Tartu, mwezi wa pili,
theluji imeshachoka kuwa nyeupe.
Aita Kõiv anashuka basi la Võru na mabinti wawili,
Virve wa miaka kumi na mmoja, Leelo wa minne,
pamba ndani, sufu juu,
maana sufu ikiwagusa ni upupu.
Walizaliwa hivyo. Ngozi haikai,
humenyuka usiku na mchana,
na kiti walichokalia huachwa na unga.

Niliwahi kuutazama unywele wa Leelo kwa hadubini:
pingili juu ya pingili,
mwanzi kabisa, katika nchi isiyoota mwanzi.
Hukatikia kwenye kifundo.
Nikamwonyesha.
"Basi nitengenezee filimbi," akasema.

Ziara ya pili: thelathini na moja nukta nne.
Tyubu zote mbili.
Nikafuta sahani, nikapima tena.
Ziara ya tatu: ishirini na nane kamili,
na ishirini na nane kamili.
Virve ni mara mbili ya mdogo wake.
Ngozi nyingi hula mafuta mengi,
hilo halihitaji shahada.

Nilimkuta Aita kwenye korido
akimfunga Leelo kamba za viatu.
Sikumwuliza kitu. Nilimtajia namba tu.
Alinyamaza mpaka kiatu cha pili.
"Kuna bakuli la uji," akasema, "la bibi yao.
Kila asubuhi nabinya ya huyu, nabinya ya yule, sawasawa,
nakoroga kwa kijiko cha mti,
kisha kila mtu anapakwa kwa mwili wake.
Ninyi mmepiga kura.
Mimi nimewazaa wote."

Watoto sitini na wanne, nchi tisa.
Wengine siwajui hata kwa sura,
ila najua wanangoja,
na wanachongoja kimesimama juu ya sahani yangu
yenye upana wa kiganja.

Niliandika. Nasema hivi usije ukanidhania mwema.
Niliandika: tyubu zimechanganywa nyumbani.
Tarehe, saini, wino wa buluu.
Namba zao mbili zikatolewa kwenye hesabu.
Marhamu hawakunyang'anywa mpaka mwezi wa sita;
hilo nililipigania kwa barua tatu
na sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

Mwezi wa sita Aita alikuja peke yake.
Aliweka tyubu mezani, zimekauka, zimekunjwa hadi shingoni.
Kisha akatoa bakuli kwenye mfuko wa mkate,
udongo wa kahawia, ukingo umemeguka,
bado lina utando wa mafuta ndani.
"Pima na hili."

Nililipima.
Gramu mia nne na sita.
Karatasi yangu haikuwa na safu ya kuliandika.