Ukuta wa Aprili

Loïc, weka koleo chini. Bado.
Njoo kwanza usimame hapa ukingoni.
Si hapo. Rudi nyuma. Rudi tena.
Ulipokuwa umekanyaga pana ufa,
mwembamba kama unywele ulioangukia karatasi,
na chini yake pana mita tatu za kwenda.

Hii ni Saguenay, na huu ni Aprili.
Miezi mitano barafu imeushika udongo,
na ukuta uliokatwa Februari husimama wima,
laini, wa kupendeza, hata ukataka kuupiga picha.
Usiuamini. Si ukuta uliosimama, ni baridi.
Likija jua la saa nne baridi inaaga,
wala haiagi kwa kelele.

Udongo huu wa mfinyanzi, wa kijivu,
zamani ulikuwa sakafu ya bahari.
Haujasahau. Utikise kidogo,
lori la magogo lipite barabarani,
nao unaurudia umaji wake, unatiririka kama uji.
Mita moja ya ujazo hupita uzito wa gari dogo.
Nimewaambia wengi; huitikia kwa kichwa. Gari dogo!
Haya, lilaze kifuani, kisha uvute pumzi.

Normand sikumwona akishuka.
Nilikuwa juu ya kijiko, nimegeukia kifusi,
redio ikitangaza matokeo ya mpira wa magongo.
Tepu ya kupimia, ya dola kumi na mbili,
ilikuwa imemponyoka.
Sekunde tu, alimwambia Clovis.
Sanduku la chuma la kukingia lilikuwa kwenye trela,
minyororo haijafunguliwa,
maana kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa.

Sekunde tu.
Clovis anasema alisikia kitu kama mtu akijitupa kwenye kochi.

Kisha ikaja hamu ya kuruka, kumfukua kwa kucha.
Hiyo uiogope kuliko ukuta.
Clovis alitaka kuruka; nilimshika mkanda wa suruali,
akanipiga kiwiko. Meno haya mawili ni ya kuwekewa.
Zimamoto walifika, wakaanza kwa mbao zao,
ubao kwa ubao, wakijikinga kwanza,
nasi juu tukiwapigia kelele kwamba wanachelewa.
Hawakuchelewa.
Tuliochelewa ni sisi, tangu asubuhi.

Kwa hiyo, na hili sikusomei karatasi ya kampuni:
sanduku hushuka kabla ya mtu.
Ngazi iwe pale unapofanyia kazi,
si mwisho wa mtaro ambako ilimpendeza aliyeileta.
Kifusi kikae mbali, na mimi na mashine yangu pia,
ukingo haupendi kubebeshwa.
Mvua ya usiku ikinyesha, jana haikuhesabiki,
tunakagua upya.
Maji yakichomoza chini, hata ya kujaza kikombe, panda.
Ukisikia harufu ya yai bovu, panda.
Ukisikia kichwa chepesi, usiniulize, panda.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hilo ni neno la wenye nyumba.
Sisi wa mtaroni tukiona ufa hatuzibi.
Tunapanda.
Na kama haukuwa kitu, utashuka tena, watu watakucheka.
Nitacheka nami. Meno ninayo.

Bomba lile lilimalizika Juni.
Linapeleka maji mpaka nyumba ya mwisho, yenye mlango wa kijani,
na mama mmoja pale huosha vyombo akiimba,
hajui, wala sijawahi kubisha hodi nikamwambia.

Tepu? Ilitoka nzima. Hata mkwaruzo haina.
Shika.
Nipimie kina.
Hapo hapo ulipo, juu.