Maungio

"Kinu kinanuka omena," Kageha alinipigia simu,
"na hapa sijapika omena tangu Jumapili."

Nilifika Chavakali saa nne, mvua ikijiandaa.
Madebe ya mahindi yamejipanga mlangoni,
wenyewe wameketi juu yake, wananitazama
kana kwamba ni mimi niliyezima.

Nikafungua stata. Unga umeingia hata humo.
Waya mzima, mlaini, hauna kovu;
kilichoungua ni mwisho wake tu, chini ya skrubu,
eneo la ukucha wa kidole gumba:
plastiki imelegea, ikaganda tena
kama mshumaa uliozimwa kwa haraka.

"Lakini soma," akasema, akiufuta waya kwa ncha ya leso.
"Milimita sita. Nyuzi tisini. Mwenye duka Kisumu
aliapa ampea hamsini zitapita zikicheka,
na mota yangu inakula arobaini na nane."

Hakudanganya, yule wa duka.
Waya huu unaziweza tisini.
Ila waya, Kageha, haukai peke yake.
Nikamulika ubavu wa stata:
tarakimu ndogo kama mayai ya chawa.
Sabini.

Waya ukichemka hadi themanini ukaona raha,
joto hilo unampelekea nani?
Unabisha hodi kwa mwenye sabini,
naye hana pa kukimbilia, amefungwa kwa skrubu.

Unene huchaguliwa kwa mnyonge.
Kwenye safu ya sabini, jedwalini mwangu,
sita hubeba arobaini na moja, basi.
Kumi hubeba hamsini na saba,
na shaba nene, ikipoa,
humpokea skrubu sehemu ya homa yake.

"Kwa hiyo tisini nililipia bure?"

Si bure. Kule juu, chini ya mabati,
saa nane mchana utaihitaji.
Hapa chini, haihesabiki.

Alikaa kimya. Kisha akahesabu noti
zenye unga pembeni, mara mbili.

Waya wa kumi ni mkaidi; haupindi kwa kubembelezwa.
Nilikaza, nikavuta, nikakaza.
Kinu kilisaga saa nzima kabla sijaweka
mgongo wa mkono juu ya kifuniko:
vuguvugu, kama paji la mtoto aliyelala.

Debe la mwisho lilikuwa la bibi mmoja kutoka Mudete.
Alinusa hewa kabla ya kujitwika.
Mahindi tu.