Bado Mmoja

Theluji ilishuka Septemba, kabla ya zamu yake,
ikafukia kondoo wa Hallbera huko Aislandi.
Siku ya nne, bado anaidunga kwa fimbo ndefu,
hatua kwa hatua.
Mbwa anakwaruza: chini, kitundu
kilichoyeyushwa na pumzi.

"Sitini na wawili," ananong'ona. "Bado mmoja."
Jirani anasema giza limeingia, twende.
Yeye anarudi mteremkoni.

Mungu wangu, mmoja huyo ni mimi.
Sauti yangu haitoboi barafu,
nina pumzi tu.
Fimbo yako iliponigusa ubavu niliumia,
nikadhani ni adhabu.
Kumbe ulikuwa ukinitafuta.

Majira yamenigeuka, na mimi nimekugeuka.
Wewe hugeuki,
wala huridhiki na hesabu ya karibu.