Duara Ndani ya Duara

Imefika Jumanne ndani ya boksi refu,
kilo tatu na nusu, kitako cha mti wa jozi,
bado inanuka mafuta ya kiwandani.
Nimeuza pikipiki ya marehemu Arvo kuinunua;
dada yake hanisemeshi.

Uwanja wa Haanja leo ni wetu wawili,
mimi na Kalju, anayefagia theluji mikekani.
Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Nalala kifudifudi. Mkanda unauma mkono.

Nilizoea darubini, inayokuletea kitu hadi puani.
Hii haina kioo: tundu dogo nyuma,
pete mbele, na kule, mita hamsini,
vidoa vitano, punje za pilipili manga.

"Natafuta katikati, siioni."
"Usiitafute," asema Kalju, ufagio begani.
"Jicho linapajua lenyewe. Weka duara ndani ya duara,
kisha zuia pumzi, ila usijifanye maiti."

Ta. Chini, kushoto.
Ta. Chini, kushoto, palepale.
Anacheka: "Umekosea vizuri!"
Nazungusha kirekebishi, tik, tik, tik,
naweka risasi tano nyingine.

Moyo unapiga, pete inaruka.
Nangoja kati ya pigo na pigo.
Ta, kidoa kikageuka cheupe.
Kingine. Kingine. Cha nne kikasita, kikageuka.

Risasi ya tano sijui imekwenda wapi.
Vidole havisikii tena,
Kalju ameshaita chai,
nami bado nimelala, nachungulia:
cheusi kimoja, kimetulia katikati ya pete,
kinanitazama.