Risiti ya Mizani

Siku ya pili wodini alikuja mtu wa kampuni
na maziwa pakiti mbili, sukari kilo,
na karatasi.
"Weka dole hapa, dada, tuyamalize kiungwana."
Kahindi alikuwa hajajua bado
kwamba mguu haupo.

Nikasema dole langu lina kidonda.
Sukari niliichukua.

Wakili Nyevu, Malindi mjini, juu ya duka la vipuri,
hakunipa pole. Aliuliza:
lori lilitoka wapi? Gongoni, kwenye chumvi.
Taa? Moja. Turubai? Halikufungwa.
Nani aliokota kandambili?
Nikafungua mfuko:
ya kushoto, chumvi ingali imeganda kwenye mikanda.
Akainusa kama mpishi.

Hati ya polisi yasema bodaboda aliingia njia si yake.
Mvua ilikwisha kuosha lami.
Basi Nyevu akaandika barua, akaandika tena,
akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi lao kutwa,
mpaka ikatoka risiti ya mizani:
tani kumi na moja za ziada,
saa kumi na dakika tano, alfajiri ile ile.

Mahakamani dereva hakunitazama.
Kijana tu, shati la kuazima.
Usiku wa tatu hajalala, alisema mwenyewe,
na mtu wa kampuni akakohoa.

Kesi imeahirishwa hadi Novemba.
Nyumbani Kahindi anauliza kama uji una sukari.
Una, namwambia.
Si ile. Ile ilikwisha zamani.