Mkurdi wa Mwembe Kuku

Gazeti lasema risasi mbili.
Mimi ndiye nliyemuosha: ni tatu.
Ya tatu iliingia chini ya kwapa, mahali padogo,
ungedhani ni jipu lililopasuka,
nkaizibia pamba kama nlivyofunzwa,
bismillahi, upande wa kulia kwanza.

Mwembe Kuku walimwita Mturuki.
Jina hilo lilimkera kuliko jua.
"Mkurdi," akisema, bisibisi mkononi,
"Mkurdi, Mselem. Kati ya majina hayo mna makaburi."
Sikufahamu. Nlidhani ni Kiswahili chake kibovu.

Alikuwa fundi wa friji. Mtu wa kuzaliwa kwenye theluji
akaja kwetu kula riziki ya barafu,
Februari, hata kuta zatoka jasho.
Akilaza sikio kwenye mashine kama mkunga:
"Huyu hakufa. Gesi tu hana."
Siku ya kwanza aliniuliza, mlima wenu uko wapi?
Nkamtajia Nguu Tatu, kule Kisauni ndani,
na Ijumaa moja nkampeleka akaione.
Alicheka hata akakaa chini.
Tangu hapo kila fungu la mchanga wa wajenzi
akaliita Nguu ya Nne.

Dilovan, ndilo jina lake. Pasipoti ilikuwa na jengine.
Hilo nalijua sasa, kama wajuavyo wote.
Lakini la bega nlilijua kitambo:
vipande vya chuma chini ya ngozi, kama punje za mtama,
aliniwacha nivishike usiku mmoja stima ilipokatika.
"Miaka kumi na tisa," akasema, "na bunduki ndefu kunishinda."
Kisha akamtaja msichana, Berivan,
waliyemzika bila viatu
kwa kuwa viatu vyake vilimtosha mwengine.
Nkamuuliza: uliua?
Akawasha kiberiti. Akaitazama friji ya watu.
Kiberiti kikamla kidole.
Sikuuliza tena, na sijui
kama ile ilikuwa adabu au woga.

Probox nyeupe, haina nambari. Saba Saba, kabla ya adhana.
Begani alikuwa na kompresa kuukuu.
Wengine wasema ni serikali yetu. Wengine, ya kule kwao.
Wengine wasema ni wenziwe wa zamani,
kwamba kundi lile mtu huingia, hatoki.
Polisi wakasema gaidi, wakafunga jalada.
Neno hilo sisi twalijua. Lilipita nyumbani kwa dadangu
likamchukua Swabir,
na makubadhi yake yako mlangoni hadi yeo.

Imamu akasita: alikuwa akiswali?
Nkasema, Ijumaa mbili tatu. Moja nlimuongezea mimi.
Safu ilikuwa moja, na haikujaa.
Kikowani mchimbaji akataka nyongeza,
asema hapa chini ni jiwe tupu.
Nkamlipa. Nlikumbuka Nguu ya Nne,
nkacheka peke yangu mbele ya watu, kaburini, Mungu anisamehe.

Simu yake polisi hawakuiona,
ilikuwa ndani ya mkebe wa skrubu.
Jumapili ikalia. Sauti ya mwanamke mtu mzima,
maneno marefu, nisilolijua hata moja.
Ningesema nini? Nlisema: Dilovan.
Mara ya pili nkalisema polepole.
Akanyamaza. Kisha nkasikia kitu kikianguka, sufuria labda,
kikizunguka sakafuni, kikizunguka, hata kikatulia.

Juzi Bi Mwanasha alikuja kuchukua friji yake.
Tuliichomeka. Ikakohoa, ikashika.
Leo asubuhi ina barafu ya kukwangua kwa kisu.
Nusu ya pesa bado anayo, ameifunga penye pindo la leso.
Aniuliza ampe nani.